Uso Umepoa, Mdomo Umehama

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia sabuni kabla hujalisoma, sogea karibu nikufikishe tulipo.

Mimi ni mpiga pasi. Kule kwa dobi ninakofanya kazi wananiita Bi Pasi, jina langu la kuzaliwa walishalisahau. Rangi yangu ni maji ya kunde, lakini mashavu na pua vimekuwa vyekundu kama tofali lililotoka tanuruni, miaka na miaka. Vinawaka, vinachoma, vinatoa vipele. Mvuke wa pasi ukinipiga ndio kabisa, mtu anaweza kunisogelea akaota moto.

Watu wakiona kitu hawakijui, hujaza wenyewe. Wengine wakasema ni mkorogo. Mke wa mwanangu akasema ni pombe.

Pombe sijawahi kuionja. Nimeshaapa hapahapa gazetini, na bado wapo waliompigia simu mhariri wakasema, "Bibi akubali tu, tutamsamehe." Mnisamehe nini nyinyi? Kaeni na msamaha wenu, mtauhitaji majumbani mwenu.

Haya. Mwanangu, dereva wa lori, amepata kazi mji wa mbali. Mkewe, ambaye ana saluni, anaihamishia hukohuko. Wote wawili watakuwa kazini kutwa, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukaa na mtoto. Na huyo mtoto, mjukuu wangu, tunayemwita Kifaranga kwa vile habanduki mguuni pangu, nimemlea mimi tangu siku aliyoachishwa ziwa. Nani mwingine wa kwenda naye?

Lakini mkamwana kaapa kwamba mlevi hakanyagi nyumbani kwake. Mambo yakafika kwa wazee. Wakaitisha kikao cha Jumapili, waamue nitakwenda na Kifaranga au nitabaki peke yangu na pasi zangu.

Nikakimbilia kwa daktari wa ngozi. Akaniambia ugonjwa wangu una jina, unaitwa rosasea, na hauna udugu na chupa. Jeli nikapaka, vidonge nikameza, wekundu ukawa unakwenda na kurudi kama mpangaji anayedaiwa. Ndipo akataja sindano za usoni.

Mliniacha kwenye kiti chake, taa inanimulika, sindano inakuja. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa amekaa kwenye kona ya chumba hichohicho, amenishikia mkoba.

Mkumbukeni huyo wifi kwenye kona.

"Dawa hii haiponyi," daktari akasema. Ni mwanamke mfupi, mkavu, hana maneno ya kubembeleza. "Ni ileile wanayodungwa watu kuondoa makunyanzi. Wewe nakuwekea nyepesi, matone madogo madogo, juujuu ya ngozi, itulize mishipa inayokujaza damu usoni. Wengine inawasaidia miezi michache. Wengine haiwasaidii kitu. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Dunga."

"Sijamaliza. Ikizama ikaufikia msuli, msuli unalala. Ndiyo maana ukitoka hapa hukandi, husugui, hulalii uso. Na mvuke usiuweke usoni mpaka nikuone tena."

"Daktari, mimi kazi yangu ni pasi."

"Basi mashati ya watu yakae na makunyanzi yao."

Wifi akacheka kule kwenye kona. Nilimsikia vizuri, kicheko chake kina kikohozi ndani yake.

Daktari akaanza. Shavu langu likawa kama kitambaa chini ya cherehani. Tak, tak, tak. Kila tone lina kaukali kake.

"Unalia?"

"Macho ndiyo yanalia. Mimi nimenyamaza."

Alipomaliza mashavu yote mawili akarudia tena, kidole kimeinuliwa kama mwalimu wa darasa la kwanza: "Hukandi." Nikasema sikandi. Tukatoka.

Tulipofika kwangu, kabla sijavua kitambaa cha kichwa, wifi alikuwa ameshateleka maji. Akaleta beseni linafuka, akatumbukiza kitambaa.

"Haya, lete uso."

"Wa nini?"

"Nikukande. Sindano isipokandwa inatunga jipu. Wewe ulishaona sindano isiyokandwa?"

Kusema kweli sikuwahi kuiona. Tangu utoto, ukidungwa, nesi anakupa pamba na anakwambia kanda. Watoto wangu nimewakanda, mjukuu wangu nimemkanda. Hiyo ya kudungwa ukaachwa hivihivi ndiyo kwanza naisikia.

"Daktari kakataza, wifi. Si ulimsikia?"

"Kakataza kwa hao wenye ngozi za kushinda kivulini. Wewe uso wako umeoga mvuke maisha yote. Halafu hebu jione! Umejaa vinundu kama umeliwa na mbu. Dawa ikikaukia hapohapo, utasemaje?"

Hapo ndipo aliponipata.

Sisi watu wa dobi tunaujua wanga. Ukiitia kola wanga, hapohapo unaikanda kwa kitambaa cha moto ili wanga usambae. Ukiuacha, unakauka kwa mabaka, hapa pagumu, pale laini, na mwenye shati anakuja kukutukana. Wifi ndiye fundi wa wanga pale kazini. Hakuna kola iliyopita mkononi mwake ikatoka na baka.

Nikajiona Jumapili mbele ya wazee na uso wa mabaka. Nikampa uso.

Akaanza na shavu la kushoto. Mkono wa wifi umekamua mablanketi tangu ujana wake, hauna mzaha. Alishuka kutoka chini ya jicho mpaka kwenye taya, akapanda, akashuka, kitambaa kinafuka, mimi natoa machozi. "Vumilia," anasema, "inasambaa hiyo." Kisha akachovya tena, akahamia shavu la kulia.

Kitambaa hakijaligusa, mlango ukasukumwa ukagonga ukuta.

Mkamwana.

"Hodi imekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Hodi nimpigie nani? Mlevi anayekandwa azinduke?" Akasimama katikati ya chumba, funguo za gari zinaning'inia kidoleni. "Tazama huo uso! Mchana kweupe, jua liko utosini, mama mkwe amewiva!"

"Nimetoka hospitali."

"Hospitali ya chupa."

"Mwanangu, chunga mdomo."

"Mimi siyo mwanao. Mwanao ni yule asiyejua kukukanya. Mimi naona kwa macho yangu, beseni la maji ya moto, kitambaa usoni, shangazi anahangaika kukuzindua. Shangazi, umechoka, eeh? Pole."

Wifi aliinamia beseni. Alikuwa anakikamua kile kitambaa. Anakikamua, anakikamua, na hakina hata tone.

"Wifi, mwambie tumetoka wapi."

"Mambo ya mkwe na mkwe mimi siingilii," akasema.

Nikadhani ni woga. Kila mtu anamwogopa mkamwana, hata vioo vya saluni yake.

Kelele zile zikamtoa Kifaranga uani. Akaja mbio, akafanya anachofanya kila siku akiniona: akapanda mapajani na kubandika viganja vyake mashavuni mwangu. Asubuhi za baridi huwa anasema anaota moto. Mimi ndiye jiko lake.

"Bibi, leo una moto sana!"

"Umemsikia mtoto?" mkamwana akadakia. "Hata mtoto anajua." Akamnyanyua kama mfuko wa sokoni. "Huyu halali hapa mpaka kikao kiishe."

"Nguo zake nimezipiga pasi, zipo kitandani."

"Zinuke pombe?"

Akaondoka. Kifaranga alininyooshea mikono mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

Nilikaa pale kwenye kiti. Shavu la kushoto limekandwa likalainika kama unga, la kulia lina vinundu vyake vilevile. Wifi akataka kuendelea. Nikamwambia mwaga hayo maji, nimechoka kuguswa.

Laiti ningejua nilichojiokolea. Na ambacho sikujiokolea.

Siku zilizofuata, jamani, uso ulipoa. Siwadanganyi. Niliamka nikahisi kuna kitu kimepungua chumbani, kama jirani mwenye redio kahama. Sikuungua. Nikashika kioo. Ule wekundu wa tofali ulikuwa umefifia, pua imerudi kuwa pua, na mashavu yamekuwa ya maji ya kunde kama ya msichana niliyekuwa kabla sijaolewa.

Nikaenda kazini kifua mbele. Nikamwambia tajiri wetu pasi nimezipumzisha kidogo, sikumwambia kwa nini, anipe kazi ya kukunja. Akanung'unika, akanipa. Kisha akanitazama.

"Bi Pasi, naona umeacha."

"Nimeacha nini?"

"Si ile."

"Nilichoacha ni kukusalimia wewe. Kuanzia leo."

Wafuaji wakacheka mpaka mtu akaangusha ndoo. Mimi nakunja mashuka na moyoni naimba. Jumapili nitaingia kichwa juu, na mkamwana atautafuta wekundu kwa tochi. Atakosa la kusema. Kifaranga atapakiwa na mimi nitapakiwa naye.

Wifi peke yake hakucheka. Alisimama karibu na ndoo ya wanga, akanitazama mdomoni, akatazama pembeni.

"Vipi, nina kitu?"

"Hamna. Uso umependeza."

Jioni ya kuamkia kikao nilihisi shavu la kushoto zito kidogo, kama umetoka kung'oa jino. Nikasema ni dawa inafanya kazi.

Ilikuwa inafanya kazi kweli.

Asubuhi nikamimina chai, nimeiacha ipoe kwa sababu mvuke wake sitakiwi kuusogelea. Nikanywa. Nikaona gauni limelowa. Nikanywa tena, ikatoka tena, upande wa kushoto, taratibu, kama bomba bovu. Nikashika kioo.

Nikajaribu kutabasamu. Upande wa kulia ukaenda juu vizuri, na meno yakaonekana. Upande wa kushoto ukabaki umekaa, kama mtu aliyesusia.

Nikadhani kiharusi. Nikainua mikono, yote ikapanda. Nikasimama mguu mmoja, nikasimama mwingine. Nipo. Jicho linafumba, paji linakunjana. Ni mdomo tu ndio umehama.

Ndipo maneno ya daktari yakanirudia masikioni: ikizama ikaufikia msuli, msuli unalala.

Nilitukana. Sitawaandikia nilichosema, gazeti hili linasomwa na watoto.

Nisiende? Watasema nimelala na ulevi. Niende? Watasema nimekuja nao. Nikajifunga kitambaa cha kichwa na kwenda.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa shemeji, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Shemeji alikuwa askari jela mpaka alipostaafu, na hajawahi kustaafu sauti. Viti vimepangwa ukutani, mezani vikombe. Mwanangu yuko karibu na mlango, kainamisha kichwa. Mkamwana kakaa katikati, mguu juu ya mguu. Wifi yuko pembeni yake. Pembeni yake kabisa. Hilo nililiona, nikalipita.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

Ikatoka kama maneno yaliyolowa. Wote wakainua macho.

"Rudia," shemeji akasema.

Nikarudia. Ikawa mbaya zaidi. Na mate kidogo yakafuata.

"Wazee!" Mkamwana akaruka. "Wazee, mimi nina haja ya kuongeza neno? Siku ya kikao! Siku ya kikao kaja amelewa mpaka mdomo umelegea!"

"Sijalewa. Ni sindano."

"Sindano gani?"

"Za usoni. Za kutuliza wekundu. Hebu nitazameni, wekundu uko wapi?"

Wakanitazama. Hakuna aliyetafuta wekundu. Wote walikuwa wanaangalia mdomo.

"Simama, shemeji," akasema shemeji. Nikasimama kama mfungwa. Akaja akanisogezea pua. "Pumua." Nikampumulia. Akanusa, akafikiri, akanusa tena. "Sisikii kitu."

"Pombe kali za siku hizi hazinuki, baba mkubwa," mkamwana akasema.

"Wewe umejuaje?" mwanangu akauliza.

Lilikuwa neno lake la kwanza. Watu wakacheka. Mkamwana akamgeukia: "Nyamaza." Akanyamaza. Mwanangu huyo anaendesha lori la matairi ishirini na mawili, lakini mwenye kushika breki ni mkewe.

"Mpiga pasi na sindano za urembo!" mkamwana akaendelea. "Mimi mwenye saluni sijadungwa, kadungwa yeye! Kwa kulinda uso upi?"

"Uso uleule unaoutukana kila siku," nikasema, na nusu ya maneno yakamwagikia kidevuni.

Shemeji akaomba namba ya daktari, akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Jumapili. Akaiweka mezani.

"Shahidi wako nani?"

"Wifi. Nilikwenda naye. Alikaa chumbani mwa daktari, kashika mkoba wangu."

Macho yote yakahamia kwa wifi. Nikashusha pumzi. Sasa yamekwisha, nikajisemea, wifi atasema tu.

"Mimi?" wifi akasema.

"Wewe."

"Mimi sikwenda hospitali yoyote. Siku ile nilikuwa kwenye karo, nafua mashuka ya nyumba ya wageni."

"Wifi!"

"Usinipigie kelele."

"Ulinikanda! Huyu hapa alikukuta unanikanda!"

"Nilikukanda, ndiyo. Nilikukuta umejiinamia unalalamika kichwa, nikakuonea huruma. Habari za sindano ndiyo kwanza nazisikia leo. Sijui daktari, sijui kasema nini, sijui."

"Kichwa cha ulevi hicho," mkamwana akasema kwa upole, kama anayefunga mfuko.

Nikatafuta kiti. Nikakaa.

"Na msihangaike, wazee," mkamwana akaongeza. "Mtu wa kwenda na mtoto nimeshampata. Shangazi amekubali. Chumba kipo, kina dirisha la upande wa barabara. Mashine ya kufulia ipo, hataloweka mkono tena."

Chumba chenye dirisha la barabarani. Mwanangu alinieleza habari za chumba hicho miezi mingi kabla, nikakipanga kichwani, kitanda hapa, cha Kifaranga pale.

Nikamtazama wifi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Vilikuwa vipya.

"Wifi," nikasema polepole, ili kila neno litoke kavu, "ulinikanda kwa kunihurumia, au ulinikanda kwa dirisha?"

"Unaona?" akawaambia wazee. "Kaanza kuropoka."

Shemeji akagonga meza. Ni mkali, lakini hukumu ya upande mmoja haipendi. "Mtoto aletwe. Aseme mwenyewe anataka nani aende naye."

"Baba mkubwa, mtoto anajua nini?"

"Anajua anayemwogesha. Aletwe."

Kifaranga akaletwa kutoka chumba cha ndani, kasukwa nywele mpya zinazombana, anajikuna. Shemeji akashusha ile sauti ya jela, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mjukuu wangu, mnahama. Unataka nani akae nawe huko? Sema, usiogope."

Hata hakufikiri. "Bibi."

Niliona uso wa mkamwana ukidondoka kama pazia lililokatika kamba. Niliona wifi akivuta miguu yenye viatu vipya chini ya kiti. Nikafungua mikono. Na kwa furaha nikasahau, nikatabasamu.

Kifaranga alikuwa ameshaanza kukimbia. Akafika, akapanda mapajani, akabandika viganja vyake mashavuni mwangu kama siku zote.

Akavitoa.

Akavibandika tena, taratibu. Akanitazama mashavu. Akanitazama mdomo, nusu unacheka, nusu umesusa.

"Huyu ana baridi," akasema.

"Ni mimi, Kifaranga. Ni bibi."

Sauti nayo ikatoka imelowa. Akateremka. Akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukagusa goti la mama yake.

"Bibi yangu mwekundu," akasema. "Bibi yangu ana moto. Yuko wapi bibi?"

Nilikuwa nimekwenda kuuzima ule moto kwa ajili yake, na yeye alikuwa anautafuta.

"Wazee, mmesikia wenyewe," mkamwana akasema. Akamshika mtoto bega. "Tufunge kikao."

Wakati huohuo mke wa shemeji akaingia na birika la chai, limetoka motoni sasa hivi, kifuniko kinarukaruka. Akaliweka mezani mbele yangu na kulifunua amimine.

Mvuke ukapanda.

Sikufikiri. Au nilifikiri kitu kimoja tu: miaka yote mvuke ndio ulionipa uso ule. Kama mtoto anautaka uso wa moto, uso wa moto huu hapa. Nikalivuta birika kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Kifaranga, subiri. Bibi anakuja." Nikafumba macho nikainama juu yake.

"Wifi, acha!"

Kiti kikaanguka. Mkono ukanivuta bega kwa nguvu, mkono wa kukamua mablanketi, naujua hata nikiwa usingizini.

"Usiuweke uso kwenye mvuke! Utajiharibu! Daktari si alikwambia, mpaka akuone tena!"

Nikafumbua macho.

Wifi alikuwa amenishika, machozi yanamtoka. Na kidogo kidogo nikaona anasikia alichokisema.

Katika chumba kile hakuna aliyetaja mvuke. Mimi sikutaja. Nilisema sindano, basi.

Shemeji akasimama polepole, na ile sauti ya jela ikarudi mahali pake.

"Dada. Daktari yupi huyo?"

Wifi akaniachia bega.

Mwanangu naye akaondoka pale mlangoni. Akaja mpaka katikati ya chumba, kichwa kimeinuka, sijamwona hivyo tangu alipooa. "Shangazi, nakuuliza mimi. Ulijuaje habari ya mvuke? Na kama ulimsikia daktari, kukanda je? Alisemaje kuhusu kukanda?"

Wifi akanitazama mdomoni. Kisha akageuka, akamtazama mkamwana.

Mkamwana naye, aliyekuwa ameshasimama aondoke, akasema haraka, haraka kupita kiasi:

"Shangazi, usijibu."